MedlinePlus kwa mgonjwa wa Moshi na Arusha: isome, ila badilisha vizio kwanza

Majibu ya maabara yakishatoka, iwe hospitali ya Mawenzi au Mount Meru, wagonjwa wengi huingia Google kabla ya kurudi kwa daktari. Ukitafuta kwa Kiswahili, tuseme "dawa ya vidonda vya tumbo", unakutana na kurasa zinazoishia na namba ya simu ya kuagizia virutubisho. Ndiyo maana tunaipendekeza MedlinePlus, tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Ipo tangu 1998, ni bure, haina matangazo wala haikudai ujisajili.

Sehemu yake bora ni ya vipimo, "Medical Tests". Andika jina la kipimo kama lilivyo kwenye karatasi yako. Utaelezwa kinapima nini, kwa nini kimeagizwa, kama unatakiwa kufunga kula, na majibu yana maana gani. Kwa Kiingereza chepesi hivyo, mtu wa kidato cha nne anafuata vizuri.

Kinachopoteza watu ni vizio. Sukari hapa kwetu husomwa kwa mmol/L, tovuti inatumia mg/dL. Zidisha namba yako kwa 18. Mtu aliyepimwa asubuhi kabla ya kula akapata 7.8, akisoma kwamba kisukari kinaanzia 126, anajiona mzima, kumbe 7.8 ni kama 140, na mstari wenyewe ni 7.0. Kreatinini ya figo ni kinyume: ya kwetu ikiandikwa kwa mikromoli (µmol/L), gawanya kwa 88.4. Namba 95 inatisha ukiiweka kando ya 1.2 ya tovuti, lakini ukigawanya unapata 1.07 tu.

Majina ya dawa nayo ni ya Kimarekani. Paracetamol utaikuta kama acetaminophen, salbutamol ya pumu kama albuterol, glibenclamide ya kisukari kama glyburide. Hili si dogo. Asiyejua kwamba acetaminophen ndiyo paracetamol anaweza kumeza Panadol pamoja na dawa ya mafua yenye kitu kilekile. Mtu mzima asivuke gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, vyote vikihesabiwa pamoja. Kinachoumia ni ini, na siku ya kwanza huenda usisikie lolote.

Kisanduku cha kutafutia hakijatengenezwa kwa Kiswahili. Pitia ukurasa wa lugha, chagua Kiswahili, utapata vipeperushi vya PDF, vingi vikiwa vya chanjo. Ratiba zilizomo ni za Marekani. Ya mtoto wako ifuate kwenye kadi ya kliniki.

Pahala ambapo hatukubali kabisa iachwe peke yake imwongoze mzazi wa huku ni floridi. Kwa Marekani floridi ni kinga ya meno, na maeneo mengi wanaiongeza kwenye maji ya bomba hadi kufikia miligramu 0.7 kwa lita. Miteremko ya Meru, kuanzia Maji ya Chai hadi Ngare Nanyuki, maji hutoka ardhini yakiwa na floridi iliyozidi kiwango cha 1.5 cha Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia ya watoto yanatoka huko, na mifupa nayo huathirika miaka ikipita. Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki sufuriani. Magadi ya kulainishia makande yanaongeza nyingine. Kinachosaidia ni kuvuna maji ya mvua, au chujio la mkaa wa mifupa, teknolojia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanyia kazi miaka mingi. Mkaa huo hushiba, kwa hiyo usipobadilishwa chujio linabaki pambo. Ukisoma ushauri wa kumpa mtoto vidonge vya floridi, usimpe kabla ya kujua maji yenu yana kiasi gani.

Malaria imeandikwa kwa macho ya msafiri. Ukiwa na homa, kapime siku hiyohiyo.

Mwisho, kila penye dalili za hatari, kama kifua kubana au upande mmoja wa mwili kulegea ghafla, tovuti inakwambia upige 911. Hiyo ni namba ya Marekani. Namba 199 ya Wizara ya Afya ni ya bure kwa maswali, lakini kwa dalili hizo tafuta usafiri wa kwanza unaopatikana, na kama ni kiharusi kumbuka saa dalili zilipoanza, maana ndilo swali la kwanza utakaloulizwa mapokezi ya dharura.