Kitabu chako kwenye karatasi au mtandaoni: ulipie njia ipi kwanza?

Mswada ukishahaririwa, fedha zako huanza kugombewa. Mimi napanga njia nne za kuchapisha kwa swali moja: ukigundua kosa baada ya kulipa, utalirekebisha vipi?

Ya kwanza kwangu ni chapa ya dijitali ya nakala chache chache. Mashine huchapa moja kwa moja kutoka kwenye faili, kwa hiyo hata nakala 20 unapata. Kila nakala ni ghali kuliko ya ofseti (chapa ya nakala nyingi kwa sahani zilizotengenezwa kwa kila kitabu), lakini kosa la ukurasa wa 37 linaishia kwenye hizo 20. Usimalize malipo kabla ya kushika prufu, yaani nakala ya majaribio, ya karatasi. Ifungue katikati, ikandamize kwa kiganja: gundi mbovu itaachia kurasa papo hapo. Kagua pambizo la ndani, maneno yasimezwe na mkunjo. Kagua picha pia. Iliyong'aa kwenye simu huweza kutoka na ukungu, maana karatasi inataka nukta 300 kwa inchi, na buluu kali ya skrini hufifia ikigeuzwa kuwa wino wa rangi nne.

Ya pili ni kitabu pepe cha EPUB, aina ya faili la kusomea kwenye skrini. Maandishi hujipanga upya kufuata upana wa skrini, na mwenye macho dhaifu hukuza herufi apendavyo. Ukiuziwa PDF, ambayo kurasa zake hazijipangi upya, kwa jina la kitabu pepe, kataa. Kwenye simu msomaji atakesha akisogeza ukurasa kushoto na kulia. Tenga pia ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) nyingine, ile ya karatasi haitumiki hapa.

Tovuti yako mwenyewe naiweka ya tatu. Inafaa maandishi mafupi yanayobadilika mara kwa mara. Hakikisha tu anwani ya tovuti imesajiliwa kwa jina lako, si la fundi, na ujue kwamba ada ikikatika, kazi yako inatoweka.

Ofseti ni ya mwisho, ingawa hakuna inayoipita kwa bei ya nakala moja ukichapa nyingi, kwa kuwa gharama ya sahani hugawanyika. Niliwahi kufuata bei hiyo nikachukua nakala 1,000, na jina la mchoraji wa jalada lilikuwa limekosewa kwenye zote. Iliniuma sana, maana yeye hakuwa na kosa lolote. Njoo huku unapochapa kitabu kwa mara ya pili, ukishajua wasomaji wako ni wangapi, na uombe kitabu kishonwe kwa uzi.