Event Viewer: Kompyuta Imezimika Yenyewe, Nani Kaizima?

Wadau, mambo vipi. Karibuni tena. Leo sina simu mpya mkononi, sina spika, sina boksi la kufungua. Leo naichambua programu ambayo unayo tayari kwenye Windows, hujailipia hata senti ya ziada, na pengine hujawahi kuifungua kwa hiari yako. Event Viewer. Kazi yake ni kukuonyesha logi, yaani daftari ambamo Windows inaandika yanayotokea ndani ya kompyuta. Na nisiwafiche, hii programu inanikera. Inanikera na bado naifungua kila wiki, kama jirani mwenye maneno mengi ambaye ndiye peke yake anayejua nani kaingia na nani katoka.

Kabla sijaendelea: sauti. Najua, video iliyopita nilisikika kama niko ndani ya pipa. Maiki ilikuwa imelegea kwenye waya. Nimeshabadilisha. Asanteni kwa kunisema, wengine mlinisema sana.

Haya, twende. Unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, unaandika eventvwr.msc, Enter. Halafu unasubiri. Mnaona hicho kiduara? Bado kinazunguka. Sura hii ilikuja na Vista, 2007, na tangu hapo haijabadilika sana. Bado. Mashine ina diski ya SSD, jamani! Haya, imefunguka. Kushoto fungua Windows Logs, kisha System. Hapo ndipo tunapoishi leo. Application, Security, Setup, hizo kila mtu ameshazieleza, siziingii.

Sasa tazama huo wekundu. Error, Error, Warning, Error. Mtu akiona hivi mara ya kwanza anadhani kompyuta yake iko mahututi. Huyu hapa, DistributedCOM, namba 10016. Karibu kila Windows 10 ninayoigusa ina huyu, tena kwa mafungu, na Microsoft wenyewe wanasema unaweza kumpuuza. Debe tupu. Tatizo ni kwamba matapeli wanalijua hili kuliko sisi. Wanakupigia simu, wanajifanya ni watu wa msaada wa kompyuta, wanakuambia ufungue dirisha hili hili, "unaona hizo alama nyekundu? Hao ni virusi." Mtu anaogopa, analipa. Ukipigiwa simu ya namna hiyo, kata. Hakuna kompyuta yenye logi safi, hata hii yangu niliyoipangusa juzi ina mekundu yake.

Kwa hiyo usisome logi nzima. Upande wa kulia pana maneno Filter Current Log, bofya. Kwenye kisanduku kilichoandikwa All Event IDs, futa, andika hivi, bila nafasi: 41,1074,6005,6006,6008. OK. Ona, mistari elfu na ushee imebaki thelathini. Ukimaliza, bofya Save Filter to Custom View uipe jina, usiandike tena kila siku. Yangu nimeiita "Kuzima". Hiki kichujio ndicho kinachonifanya niisamehe programu hii.

Sasa nataka tuione kwa macho. Hii kompyuta ya mezani ni ya majaribio, haina kitu cha maana ndani, na Fast Startup nimeizima, nitawaambia kwa nini. Nitaizima kwa njia tatu. Yako usiifanyie haya, tafadhali.

Njia ya kwanza, ya kistaarabu. Start, Shut down. Naiwasha tena. Nafungua "Kuzima". Soma kutoka chini kwenda juu, kwa sababu mapya yanakaa juu. Chini pana 1074: inataja programu iliyoomba kuzima, jina la mtumiaji, na sababu. Juu yake 6006, huduma ya logi imesimama, maana yake mfumo umepata muda wa kuaga. Halafu 6005, huduma imeamka. Kaaga, kalala, kaamka. Hakuna kesi.

Njia ya pili. Nachomoa waya. Moja, mbili... tayari. Kimya. Sipendi kabisa huu ukimya. Narudisha waya, nawasha.

Angalia. 1074 hakuna. 6006 hakuna. Badala yake kuna 6008, inasema uzimaji uliopita haukutarajiwa na inataja saa. Na huyu hapa mwekundu, Critical, chanzo chake Kernel-Power, namba 41. Wadau, huyu 41 ndiye anayeniletea maswali mengi kuliko yote kwenye maoni. "Kaka, nina 41, nibadilishe nini?" Hubadilishi kitu bado! 41 haandikwi wakati kompyuta inakufa. Anaandikwa ikiwashwa tena, pale mfumo unapogundua kwamba jana haukufungwa vizuri. Ni kama mtu anayefika msibani baada ya mazishi na kutangaza kwamba kuna mtu amekufa. Ahsante, tumeshajua. Saa iliyoandikwa kwenye 41 ni ya kuwaka, saa ya kifo iko kwenye 6008. Watu wanahangaika kutafuta nini kilitokea saa ya 41 na wanakosa, wanatafuta dakika isiyo yake.

Lakini huyo huyo 41 ana mfukoni kitu kizuri. Mbofye mara mbili. Hapo juu pana General, yenye maelezo ya jumla ambayo ni yale yale kila siku. Iache. Bofya Details, chagua Friendly View, fungua EventData. Navuta karibu muone. BugcheckCode, sifuri. PowerButtonTimestamp, sifuri. Sifuri mbili. Yaani Windows haikupata skrini ya bluu, ile inayotokea mfumo unapoanguka kwa kosa, na wala haikuona mtu akishika kitufe. Umeme ulikatika tu chini ya miguu yake. Au mashine iliganda kabisa kiasi cha kushindwa kuandika chochote, hilo nalo linakuja na sifuri, kwa hiyo jiulize: ilizimika, au iliganda ukaizima wewe?

Njia ya tatu ndiyo hiyo. Nashika kitufe cha kuwasha, nakikandamiza. Sekunde kadhaa... imezimika. Nawasha. 41 tena, ukimwangalia kwa nje ni pacha wa yule wa kwanza. Fungua Details. BugcheckCode sifuri, sawa. PowerButtonTimestamp... hii hapa! Namba ndefu, tarakimu 18. Huo ni muda ambao kitufe kilishikwa, umeandikwa kwa hesabu ya ndani ya Windows. Maana yake kuna kidole cha mtu. Kama una kompyuta ya familia na kila mtu anaapa hajaigusa, basi.

Na kama BugcheckCode si sifuri? Hapo kulikuwa na skrini ya bluu, hata kama hukuiona. Ila kuna mtego. Namba ya hapa imeandikwa kwa desimali, na namba unazozikuta kwenye maelezo ya skrini ya bluu ziko kwa heksadesimali, hesabu ya msingi wa 16. Ukiona 159, ukaenda kutafuta kosa la 159, utapotea mchana kutwa. Fungua Calculator, weka Programmer, andika 159 kwenye DEC, soma HEX: 9F. Kosa la 9F ni la draiva, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa, iliyoshindwa kubadili hali ya umeme, na kwa kawaida linatokea mashine inapolala, inapoamka au inapozimwa. Umeona tulipofika? Kutoka "kompyuta yangu ina shida" hadi "nina draiva korofi". Faili lenyewe la ajali mara nyingi linakaa C:\Windows\Minidump, na kulisoma ni video ya wiki ijayo, kwa hiyo kama hujajiunga na chaneli, kitufe kiko hapo chini.

Nilipata somo hili kwa shida. Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa inajizima katikati ya kuhariri video. Fundi mmoja akaigeuza geuza, akasema ni ubao mama, na bei aliyonitajia ilikaribia ya mashine nyingine. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikafungua logi. 41 saba kwa wiki mbili, zote sifuri mbili, na zote wakati mashine iko kwenye kazi nzito. Nikaazima pawasaplai ya rafiki, lile boksi linaloipa mashine umeme. Haikuzimika tena. Logi haikuniambia "pawasaplai", hilo nilikisia mwenyewe, ila ilinizuia kununua ubao.

Kuhusu Fast Startup. Ilianza na Windows 8, na inafanya Shut down isiwe kuzima kamili: kiini cha mfumo kinahifadhiwa kwenye diski na kurudishwa asubuhi. Ndiyo maana mtu anasema "nimeizima na kuiwasha mara kumi, tatizo liko pale pale". Hujaizima, ndugu. Na ndiyo maana kwenye majaribio yangu niliizima Fast Startup, ili kuzima kuwe kuzima. Restart ndiyo inayoanza upya kweli. Kuhakikisha, tafuta Kernel-Boot namba 27: 0x0 ni uwashaji kamili, 0x1 ni Fast Startup, 0x2 ni kuamka kutoka hibernate, ule usingizi ambao kila kitu kinahifadhiwa kwenye diski.

Kwa wale ambao mashine haizimiki ghafla bali inawaka kwa kujivuta, logi yenu wameificha. Sijui nani aliipanga hii. Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, halafu unashuka, unashuka, unashuka... Diagnostics-Performance, Operational. Namba 100 ni muda wa kuwaka, kwa milisekunde. Yangu: BootTime 94312, sekunde 94. Ila tazama ndani. MainPathBootTime 31112, BootPostBootTime 63200. Yaani picha ya mezani niliiona kwenye sekunde ya 31, nikadhani tayari, kumbe ilikuwa bado inapakia vitu dakika nzima. Namba 101 inakutajia programu iliyochelewesha, 102 draiva, 103 huduma. Za kuzima zinaanzia 200. Kabla hujalipia zile programu za "ongeza kasi ya kompyuta", soma hapa kwanza.

Wapinzani? Kwenye Linux yenye systemd, programu inayosimamia uwashaji na huduma zake, unaandika journalctl -b -1 na unapewa logi ya uwashaji uliopita peke yake, mwisho wake ndio dakika za mwisho za mashine. Ilimradi logi inahifadhiwa kwenye /var/log/journal, vinginevyo inapotea ukizima. Na systemd-analyze blame inakupangia nani kachelewesha kuanzia mkosaji mkubwa. Naionea wivu, sikatai. Kwenye Windows, kama macho yamechoka, ipo TurnedOnTimesView ya NirSoft, ya bure, inasoma logi hizi hizi na kukupa jedwali: iliwaka lini, ikazimika lini. Kwa kujua saa, ni nzuri kuliko Event Viewer. Kwa ile namba ya tarakimu 18, rudi kwa jirani.

Nilisema inanikera? Bado. Alama? Sita kwa kumi. Hapana, saba, kwa ajili ya kichujio.

Haya, naizima hii mashine tukutane... aah. Inasasisha. Asilimia 12, usizime kompyuta. Mnaona mambo haya? Mimi sijaomba kitu. Kesho kwenye 1074 jina la mtumiaji halitakuwa langu, na kwenye programu iliyoomba kuzima dau langu ni MoUsoCoreWorker.exe, ndiye huwa anatumwa na masasisho. Nitawawekea picha kwenye maoni.