Nywila moja kuu, akaunti zote: programu ipi uchukue ukiwa Kigoma

Kuanzia Mwanga hadi Ujiji, wengi wetu tunafungulia akaunti za HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi), Ajira Portal (tovuti ya ajira serikalini) na barua pepe steshenari, na nywila ni ileile kote: jina na mwaka wa kuzaliwa. Ikivuja moja, zote zimekwenda. Ziko programu zinazokupa nywila tofauti kwa kila tovuti huku wewe ukikariri moja tu, nywila kuu inayozifungua zote. Nimezipanga nikiangalia bando, mfuko, na siku simu itakapopotea.

Ya kwanza ni Bitwarden. Ni ya bure, bila kikomo cha nywila wala vifaa. Simu ikiibwa, unaingia kwa simu nyingine na kila kitu unakikuta. Nywila kuu ukiisahau, kampuni haiwezi kukurudishia, basi iandike kwenye karatasi uifungie nyumbani.

Ya pili ni KeePassDX kwa Android, pamoja na KeePassXC kwa kompyuta. Faili lenye nywila zako linakaa kwako, intaneti haihitajiki. Mwaka 2022 wadukuzi walinakili hifadhi za nywila za wateja wa LastPass, programu nyingine ya aina hii, kwa hiyo asiyetaka kuweka siri zake kwenye seva ya mtu ana hoja. Ila kutunza nakala ni kazi yako, na flashi moja haitoshi.

LessPass naiweka ya tatu, ingawa ndiyo inayovutia kuliko zote. Haihifadhi nywila yoyote. Unaipa jina la tovuti, jina lako la mtumiaji na nywila kuu. Inazichakata kwa raundi 100,000 za PBKDF2, hesabu inayofanya kubahatisha kuwe kwa polepole, na ukiingiza vilevile inatoa nywila ileile. Shida inaanza tovuti inapokulazimisha kubadili nywila: unaongeza namba ya toleo, na namba hiyo lazima uikumbuke. Pia LessPass haiwezi kukutunzia PIN uliyopewa na benki. Kubwa zaidi, aliyepata nywila yako ya tovuti moja anaweza kubahatisha nywila kuu kwenye kompyuta yake usiku kucha bila wewe kujua. Ukiichagua, nywila kuu iwe maneno matano au sita yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu.

1Password ni nzuri, lakini ni ya kulipia kila mwezi au mwaka. Kwa matumizi ya nyumbani sioni sababu.

Yoyote utakayochukua, nywila kuu usiichape kamwe kwenye kompyuta ya steshenari. Fungua programu kwenye simu yako, soma nywila ya tovuti unayoihitaji, chapa hiyo tu, na kivinjari kikiuliza kama kiihifadhi, kikatalie.