Masomo sita ya upinde kwa wanaoanza: nyota nne kati ya tano

Nilianza kujifunza mwenyewe kwa kutazama video. Mwezi haujaisha, mkono wangu wa kushoto ulikuwa umevilia damu kuanzia kiwikoni hadi karibu na kiganja, maana kila nikiachia mshale, ugwe ulinichapa. Ndipo nikalipia masomo haya.

Siku ya kwanza mwalimu hakuangalia mishale yangu imeangukia wapi. Alitazama mikono tu. Akaniambia nivute upinde wangu wa ratili 30 (ratili hapa ni nguvu ya kuuvuta, si uzito wake) niushikilie huku yeye akihesabu hadi kumi. Kufika nne, mabega yalikuwa yamepanda masikioni na natetemeka. Akauchukua, akanipa wa ratili 18. Nilikasirika, lakini alikuwa na haki: upinde unaokuzidi nguvu unakufundisha kuvuta kwa msuli wa mkono, wakati kazi hiyo ni ya mgongo, yaani kombe la bega kurudi nyuma kuelekea uti wa mgongo.

Kisha akaondoa karatasi ya shabaha. Masomo mawili mazima tulipiga gunia tupu kutoka mita tatu, mara nyingine macho yamefumbwa. Kwangu hicho ndicho kilicholipa ada yote, kwa sababu usipokuwa na cha kulenga unausikia mwili wako.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuukamata upinde kama mpini wa jembe. Alichukua uzi wa kiatu, akanifunga gumba na kidole cha shahada kwa kuuzungusha mbele ya upinde, akasema, "Sasa usiushike kabisa. Usukume kwa kitako cha gumba." Niliogopa utaanguka. Nikaachia. Upinde ukaruka mbele, ukaning'inia kwenye uzi, na kwa mara ya kwanza sikuchapwa. Baada ya hapo akanizungusha kiwiko kidogo, kikatazama nje badala ya chini, na kinga ya mkono ikabaki kuvaliwa tu bila kazi.

Mkono wa kulia nao ulikuwa na lake. Nilikuwa nafungua vidole kwa makusudi, mshale unakwenda kushoto. Alinifundisha kuvilegeza tu, ugwe ujiondokee wenyewe, na kidole cha shahada kikae chini ya kidevu pale pale kila safari. Kikishuka milimita tano tu, kwenye mita 18 mshale unahama zaidi ya sentimita 10.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya jicho. Kipimo cha jicho lenye nguvu, yaani lile linaloongoza unapolenga (unatengeneza tundu kwa viganja, unatazama kitu cha mbali, unafumba jicho moja moja) kilikuja somo la nne. Mwenzetu mmoja akagundua jicho lake lenye nguvu ni la kushoto, naye alikuwa amevuta kwa mkono wa kulia wiki tatu. Akaanza upya. Hicho ni kipimo cha dakika moja, kifanywe mlangoni kabla mtu hajapewa upinde. Tena tulikuwa wanane kwa mwalimu mmoja. Unasubiri zamu mpaka mgongo unapoa.

Kama una upinde wako mzito na unaupenda, jiandae: utaachwa kwenye begi. Mimi nimejiandikisha awamu ya pili, na bado napigia ule wa ratili 18.