Kikokotoo cha umbali wa safari za ndege: kilomita ziamini, saa zikague

Kikokotoo hiki cha mtandaoni kinakuuliza mambo mawili tu, kiwanja unachoondokea na unachofikia. Kwenye kilomita nakipa nyota nne. Kwenye saa, mbili, na hizo ni za huruma.

Andika msimbo wa herufi tatu uliopo kwenye tiketi, si jina la mji. Ukiandika San José unaweza kupewa SJC ya California wakati wewe unakwenda SJO ya Costa Rica, na hakuna kitakachokushtua kwenye jibu.

Umbali unaotolewa ni wa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, ile inayoonekana imepinda kwenye ramani bapa. JFK (New York) hadi LHR (Heathrow, London) ni kama kilomita 5,550. Kikokotoo kingine kikipishana na hiki kwa kilomita kumi na kitu, usihangaike: kimoja kinaichukulia dunia kuwa tufe kamili lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371, kingine kinakumbuka kwamba imebonyea kidogo kwenye ncha. Kagua kipimo badala yake. Maili ya baharini ni kilomita 1.852, ya nchi kavu 1.609, ukizichanganya umekosea kwa asilimia 15.

Tatizo ni muda. Kikokotoo kinagawa umbali kwa kasi moja, basi. Kwa kilomita 850 kwa saa, JFK hadi LHR inatoka saa 6 na dakika 32. Mimi huongeza nusu saa ya kupaa, kushuka na kutambaa uwanjani, kwa kuwa ratiba za mashirika huhesabu tangu ndege inapoondoka getini hadi inapoegeshwa. Safari fupi ndizo zinazoumbuka zaidi: kilomita 500 huonyeshwa kama dakika 35, ilhali ratiba mara nyingi huandika saa nzima au zaidi.

Upepo nao haumo kwenye hesabu. Kule juu, kwenye latitudo za kati, mkondo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa majira ya baridi. Ndiyo maana New York hadi London ni kama saa 7, na kurudi hukaribia 8.

Wala hakijui anga zilizofungwa. Kinachora Helsinki hadi Tokyo juu ya Siberia, ingawa tangu 2022 ndege za Finnair, shirika la Finland, huizunguka Urusi, na safari iliyokuwa ya saa 9 na nusu hivi sasa huchukua kama 13.

Kama unabadilisha ndege njiani, ingiza kila kipande peke yake, ujumlishe, kisha uongeze muda wa kusubiri. Tofauti ya saa za kanda iweke mwisho kabisa, maana saa za kwenye tiketi ni za mahali husika, na ukitoa moja kwa nyingine huwezi kupata muda wa kuwa angani.