Bia za Ubelgiji kwa usiku wa Tanga: ipi ya kuanza nayo, ipi ya kuachia mwisho

Kwenye chupa ya Ubelgiji, soma asilimia ya kilevi kabla ya kusoma jina. Kilimanjaro ina 4.5 na Safari ina 5.5. Duvel ina 8.5, Westmalle Tripel 9.5, na Rochefort 10 inafika 11.3. Chupa nyingi ni za mililita 330, na hapo ndipo watu wanapoingia mkenge, maana Duvel moja ya kichupa kidogo ina kilevi sawa na Safari kubwa ya nusu lita, tena inateremka upesi zaidi kwa sababu ni nyepesi mdomoni. Anayezihesabu chupa kama alivyozoea kuhesabu Safari, hafiki saa nne usiku akiwa na akili zake.

Kwa hiyo gawaneni. Kwa watu wanne, chupa nane zinatosha usiku mzima: Hoegaarden mbili, Orval mbili, Duvel mbili, Westmalle Tripel moja na Chimay ya bluu moja. Ukipiga hesabu, kila mtu anapata kilevi cha Kilimanjaro kubwa mbili na kidogo juu yake, lakini ameonja bia tano ambazo hazifanani hata kidogo.

Usitarajie kuzikuta kwenye kila kaunta ya Ngamiani au Chumbageni. Anza na baa za hoteli, hasa upande wa Raskazone, na upige simu kabla ya kutoka ili ziwekwe kwenye friji. Zikikosekana, agiza Dar. Chupa zikishafika kwa basi ziache zimesimama wima, mahali pa giza, angalau siku nzima. Bia hizi nyingi zina hamira hai ndani ya chupa. Zikitikisika kwenye buti kisha zikafunguliwa jioni ileile, zinamwagika povu na zinatoka na vumbi la hamira. Angalia pia stempu ya kodi ya TRA, na tarehe. Chupa iliyokaa dirishani mwa duka kwenye jua usiichukue hata ikiwa bei nzuri. Mwanga huharibu hopi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, na kuipa bia harufu mbaya, na chupa za kijani ndizo zinazoathirika upesi kuliko za kahawia.

Anza na Hoegaarden, asilimia 4.9. Ni bia ya ngano yenye giligilani na ganda la chungwa, nyeupe yenye ukungu, na kwa joto la Tanga hakuna ya kuanza nayo iliyo bora zaidi. Ndiyo pekee kati ya hizi inayotakiwa iwe baridi sana, nyuzi 3 hivi. Mimina theluthi mbili, zungusha chupa taratibu ili hamira iliyolala chini ichanganyike, kisha malizia. Ipelekee changu wa kuchoma au kamba. Ila iwe mpya: bia ya ngano haina faida ya kuzeeka, na ikikaa kwenye joto viungo vinafifia, inabaki na harufu ya boksi lililoloa.

Orval ndiyo tunayoipigia debe kuliko zote. Inatengenezwa kwenye abasia ya watawa kusini mwa Ubelgiji, asilimia 6.2, chupa yake imenona chini na shingo imesinyaa, na nembo yake ni samaki mwenye pete mdomoni. Inaongezwa hopi tena baada ya kuchachuka, halafu aina ya hamira iitwayo Brettanomyces inaendelea kula sukari ndani ya chupa kwa miezi mingi. Chupa changa inanukia hopi na ina uchungu ulio wazi; iliyopita nusu mwaka inakuwa kavu zaidi, na harufu yake inaelekea kwenye ngozi na majani makavu. Tarehe ya kujazwa imeandikwa kwenye lebo, kwa hiyo chagua unayoitaka. Uchungu huo ukikutana na pweza wa kuchoma mwenye ndimu na pilipili, utamu wa pweza unajitokeza na mafuta hayakai ulimini. Bia tamu haiwezi kazi hiyo. Anayeonja Orval mara ya kwanza huenda akakunja uso; mwambie asiihukumu mpaka afike nusu ya glasi.

Duvel inatoka Breendonk, kiwanda cha Moortgat, na inahitaji mkono wenye subira. Gesi yake ni nyingi. Ukisimamisha glasi na kuimwaga bia kama Safari, utapata glasi ya povu na meza iliyoloa. Suuza glasi kubwa kwa maji safi, iache na unyevu, ilaze, mimina polepole ukiuacha mkondo uteleze ubavuni, na uisimamishe mwishoni tu ili povu lipande. Acha sentimita moja ya mashapo chini ya chupa. Povu likizama ndani ya dakika moja, kosa kwa kawaida si la bia. Glasi imeoshwa beseni moja na sahani za chipsi, au sabuni haikutoka vizuri. Mwombe mhudumu nyingine, bila ugomvi. Mishkaki ndiyo mwenzake.

Westmalle Tripel, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1934, ndiyo mama wa bia za dhahabu zenye nguvu. Ina mwili mzito kuliko Duvel na ukavu mzuri mwishoni. Chupa moja watu wanne, robo glasi kila mmoja, baada ya kula.

Chimay ya bluu, asilimia 9, iachie mwisho. Hapa swali la mhudumu, "ya baridi au ya moto?", halina jibu la moja kwa moja, kwa sababu inataka nyuzi 10 hadi 12. Itoe kwenye friji uiache mezani dakika 15 hadi 20 bila kuifungua. Ikiwa baridi kali, unapata pombe na uchungu tu. Ikipata joto hilo ndipo zabibu kavu na kimea kilichokaangwa vinapotokea. Kipande cha jibini ngumu kutoka Lushoto kinaifaa sana, na wenyewe Chimay hutengeneza jibini pia. Barafu usiweke kamwe, wala usiirushe kwenye friza kuiharakisha. Ikisahaulika humo, chupa inapasuka.

Leffe utaikuta kwa urahisi zaidi, na si bia mbaya, ila usiilipie kama bia ya watawa. Jina ni la abasia, kiwanda ni cha AB InBev, kampuni ileile yenye hisa nyingi za TBL, watengenezaji wa Kilimanjaro na Safari. Ya watawa ina alama ya pembe sita ya Trappist, na Orval, Westmalle, Chimay na Rochefort zote zinayo. Leffe ya kahawia ina utamu unaochosha kwenye hewa nzito ya pwani; ukiikuta, chukua ya dhahabu.

Kama mezani kuna asiyependa uchungu, msimlazimishe Orval. Mtafutieni Lindemans Kriek, ya cheri, asilimia 3.5, tamu yenye ukali kidogo. Anayependa juisi ya ukwaju bila sukari ndiye wa kupewa gueuze, bia chachu ya maeneo ya Brussels inayochachushwa na hamira za hewani. Rochefort 10 iwekeni usiku mwingine, peke yake, chupa moja kwa watu wawili. Ikifuata Chimay hamtaionja tena, ulimi utakuwa umeshachoka.

Maji yawe mezani tangu mwanzo, chupa kubwa moja kwa watu wawili, na bajaji ya kurudi nayo iagizwe kabla Chimay haijafunguliwa.