Uzoefu wangu wa kutumia tovuti ya nasaba kumfuatilia Roger Mortimer wa Wigmore

Nimekuwa mteja wa kulipia wa tovuti moja kubwa ya nasaba, na tathmini hii naiandika kwa ajili ya msomaji wa historia anayejiuliza kama huduma za aina hii zinaweza kumsaidia kuzijua koo za kale za Ulaya, si kwa anayetafuta mababu zake mwenyewe. Niliitumia kwa kazi moja tu: kuchunguza asili na maisha ya Roger Mortimer, bwana wa Wigmore kwenye mpaka wa Uingereza na Wales, aliyezaliwa mwaka 1287, akashiriki kumwondoa Mfalme Edward II madarakani, akaiendesha Uingereza kwa takriban miaka mitatu bila kuvaa taji, na hatimaye akanyongwa Tyburn tarehe 29 Novemba 1330. Naipa huduma hiyo nyota tatu kati ya tano. Zote tatu ni kwa sababu ya hati zake. Mti wa ukoo, ambao ndio unaotangazwa zaidi, nisingeulipia hata senti.

Tatizo la mti huo linaanzia kwenye majina. Ukoo wa Mortimer ulikuwa na desturi ya kurithishana majina machache, yaani Ralph, Hugh, Roger na Edmund, kizazi baada ya kizazi. Kuna Roger babu, aliyefariki mwaka 1282. Kuna Roger wa Chirk, aliyekuwa baba mdogo wa huyu tunayemzungumzia na aliyefia kifungoni katika Mnara wa London mwaka 1326. Halafu yupo Roger mwenyewe. Nilipofungua ukurasa wake nilikuta ameorodheshewa wake wawili, Maud de Braose na Joan de Geneville, na chini yao matukio ya maisha yake yakianza na vita vya Evesham vya mwaka 1265, miaka 22 kabla hajazaliwa. Maud alikuwa bibi yake, na aliyepigana Evesham ni babu. Waandishi wa zama zile wanasimulia kwamba baada ya Simon de Montfort, kiongozi wa mabwana walioasi mfalme, kuuawa katika vita hivyo, kichwa chake kilipelekwa Wigmore kwa Maud kama zawadi, kwa hiyo kumgeuza bibi huyo kuwa mke wa mjukuu ni kuivuruga historia nzima ya nyumba hiyo.

Chanzo cha makosa ni namna mfumo unavyofanya kazi. Programu hulinganisha majina, mahali na miaka inayokaribiana, kisha humpa mtumiaji pendekezo. Mtumiaji akibonyeza kukubali, pendekezo linaingia kwenye mti wake, na mti huo nao unageuka kuwa ushahidi wa kumpendekezea mtu mwingine. Kadiri kosa linavyonakiliwa ndivyo linavyoonekana kuwa na mashahidi wengi, na hakuna mahali ambapo mfumo unamwuliza mtu kama ameisoma hati yenyewe.

Hati zenyewe, hata hivyo, ni hazina. Picha za kitabu cha Domesday, yaani sajili ya ardhi ya Uingereza ya mwaka 1086, zinamwonyesha Ralph de Mortimer akiwa tayari anaimiliki Wigmore, ngome iliyojengwa na William fitz Osbern na kupotezwa na mwanawe aliyemwasi mfalme mwaka 1075. Jina la ukoo linatokana na Mortemer, huko Normandi, na kwa upande wa kuumeni mnyororo kutoka hapo hadi kwa Roger unafuatika bila shida kubwa. Zilinisaidia pia ripoti za uchunguzi uliofanywa kila alipofariki mtu aliyeshika ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme, ambazo zinataja mali, mrithi na umri wake. Umri huo haukuwa jambo dogo: Edmund, baba yake Roger, alipofariki mwaka 1304, kijana alikuwa hajafikisha umri wa kurithi, hivyo akawekwa chini ya uangalizi wa Piers Gaveston, kipenzi cha mwana wa mfalme, na akajikomboa kwa kulipa marki 2,500, kipimo cha fedha cha zama hizo.

Lakini kilichonishikilia zaidi ni upande wa kukeni, na hapa ndipo ninapoilaumu huduma hii kwa dhati. Mti unapofunguka, unaonyesha baba na mwana tu. Kila mke ni kisanduku kidogo ambacho lazima ukibonyeze peke yake, kana kwamba nasaba yake ni nyongeza. Kwa mabwana wa mpakani mambo yalikuwa kinyume kabisa. Babu yake Roger alizaliwa na Gwladus Ddu, binti wa Llywelyn Mkuu, mtawala wa Gwynedd, kwa hiyo damu ya watawala wa Wales ilikuwa ndani ya ukoo uliokuwa ukipigana na Wales. Edmund, baba yake Roger, alikuwa miongoni mwa mabwana wa mpakani walioongoza jeshi lililomuua Llywelyn ap Gruffudd, mjukuu wa Llywelyn Mkuu, mnamo Desemba 1282. Na Gwladus alikuwa shangazi yake huyo Llywelyn, maana yake Edmund alishiriki kumwangamiza binamu wa baba yake mzazi. Kwa Maud de Braose nako, ukipanda kupitia mama yake, Eva, unamfikia William Marshal, bwana mkubwa wa Uingereza, na kupitia mke wa Marshal unafika kwa Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster huko Ayalandi.

Mke wa Roger ndiye aliyemfanya kuwa mkubwa. Joan de Geneville, aliyeolewa naye mwaka 1301, alikuwa mrithi wa sehemu ya Ludlow na wa Trim huko Ayalandi, mali zilizotoka kwa bibi yake, Maud de Lacy. Dada zake wawili waliingizwa utawani Aconbury ili urithi usigawanywe. Naona jambo hilo linaeleza siasa za mpakani kuliko orodha yoyote ya vita, kwa sababu katika nchi zile bwana alikuwa na mahakama zake, aliweza kuanzisha vita vyake mwenyewe, na amri za kawaida za mfalme hazikufanya kazi humo. Kuongeza ardhi kwa ndoa kulikuwa ni kuongeza dola. Kwenye mti wangu wale watawa wawili hawamo kabisa, pengine kwa kuwa hawakuacha watoto.

Kuhusu maisha yake, masijala ya mfalme iliyomo kwenye tovuti inatosha kumpa msomaji picha hai. Roger alijisalimisha Shrewsbury mnamo Januari 1322 baada ya uasi dhidi ya akina Despenser, vipenzi vya Edward II, akafungwa katika Mnara wa London, na usiku wa tarehe 1 Agosti 1323 akatoroka baada ya walinzi kuleweshwa kwa kinywaji kilichotiwa dawa. Amri za kumsaka zilizotolewa baada ya hapo zinasomeka hadi leo, na hofu ya Edward II inaonekana ndani yake. Miaka mitatu baadaye mtoro huyo alirudi na jeshi pamoja na Malkia Isabella, mke wa Edward II. Ukurasa wa Roger unayapita haya yote kwa mstari mmoja wa tarehe na mahali pa kufia.

Jambo jingine la kumtahadharisha mteja: miti kadhaa kwenye tovuti hiyo inaendelea kupanda hadi kwa Mfalme Arthur na Brutus wa Troya, watu wa hekaya za kale za Uingereza. Masimulizi hayo yamo katika maandiko ya nasaba yaliyoandikwa kwa ajili ya akina Mortimer karne ya 14, baada ya Edmund mwingine, kitukuu wa Roger na Earl wa tatu wa March, kumwoa Philippa, mjukuu wa Edward III, na ukoo kuanza kuhesabika karibu na kiti cha enzi. Yana thamani kama ushahidi wa tamaa ya ukoo; kuyaingiza kwenye mti pamoja na tarehe za kuzaliwa ni kumpotosha mtumiaji.

Ushauri wangu kwa anayetaka kujaribu ni alipie muda mfupi, aende moja kwa moja kwenye sehemu ya hati, na azime mapendekezo ya mfumo kwenye mipangilio. Ajue pia kwamba muhtasari mwingi uliochapishwa wa hati hizo za kifalme unapatikana bure katika maktaba za mtandaoni. Kinacholipiwa hapa ni utafutaji wa haraka na picha zilizo wazi. Niliwaandikia huduma kwa wateja kuhusu makosa niliyoyataja, nikaambatanisha hati. Walijibu kwa adabu kwamba mti ni mali ya aliyeutengeneza na wao wanaweza tu kumfikishia ujumbe. Hadi naandika haya, mwenye mti mmoja amemtenganisha Maud na mjukuu wake, lakini Roger wa Chirk na Roger babu bado wamechanganywa kuwa mtu mmoja.